Sanduku la Mbao la Kubebea Chakula

[MUZIKI WA KUFUNGUA. Ushuke taratibu.]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wapendwa wa Musasa, Gasorwe, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda, nanyi ndugu zetu mnaoishi hapa Bujumbura, hamjambo. Leo tunatengeneza sanduku la mbao la kubebea chakula. Jumapili hapa mjini utaona familia zikishuka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na vyakula vyao. Lakini sanduku hili si la matembezi tu. Anayempelekea mgonjwa chakula hospitalini, kile ambacho Warundi wanakiita kugemura, analihitaji. Mama anayeuza wali na maharagi analihitaji pia. Beseni la kichwani hupata vumbi na nzi, na likiinama kidogo tu, mchuzi umekwenda.

Niko na fundi seremala kutoka Buyenzi. Mzee fundi, karibu.

FUNDI: Asante, kijana wangu. Nawasalimu wote.

MTANGAZAJI: Mzee, mtu aanzie wapi?

FUNDI: Aanzie kwenye sufuria. Wengi wanatengeneza sanduku kwanza, halafu sufuria inakataa kuingia. Pima upana wa sufuria yako pamoja na masikio yake, uache nafasi ya vidole viwili kila upande. Leo nitatoa vipimo vya sufuria ndogo, ambayo pamoja na masikio haizidi sentimita 20.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, chukueni kalamu. Mbao ziwe za unene wa sentimita 2.

[MLIO MFUPI. Mtangazaji asome polepole, kila kipimo mara mbili.]

- Mbao 2 za ubavuni: urefu 44, kimo 25.
- Mbao 2 za mwishoni: upana 28, kimo 45.
- Mbao 1 ya chini: 40 kwa 28.
- Mbao 1 ya kifuniko: 40 kwa 32.
- Vipande 2 vya miguu: urefu 32 kila kimoja.
- Fimbo 1 ya mkono: urefu 52, unene kama 3.

Vipimo vyote ni sentimita. Kama mbao zako ni nyembamba kwa upana, unganisha mbili au tatu kwa kipande kinachopita nyuma yake.

MTANGAZAJI: Mzee, mbao zenyewe tuzipate wapi? Wengine wanatumia za paleti, zile zinazokuja chini ya mizigo.

FUNDI: Zinafaa, lakini soma kwanza mhuri uliopigwa juu yake. Ukiona herufi HT, mbao hizo zilitibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB, zilipigwa dawa ya gesi ya sumu ya kuua wadudu, ziache. Usizichome jikoni pia. Na mbao yoyote iliyolowa oili ya gari, au yenye rangi ya zamani inayobanduka, isikaribie chakula.

MTANGAZAJI: Sasa tunaunganisha.

FUNDI: Hapa ndipo masanduku mengi yanapofia. Mtu anapigilia mbao ya chini kutokea chini, misumari ikitazama juu. Akibeba, uzito wote unaivuta ile misumari. Msumari ukivutwa kwa urefu wake, unang'oka. Ukikandamizwa kwa ubavu, unashika. Kwa hiyo mbao ya chini ikae ndani, katikati ya kuta nne, na misumari ipite kwenye kuta kuingia kwenye ukingo wa ile mbao.

MTANGAZAJI: Yaani kuta zinaikumbatia mbao ya chini.

FUNDI: Umesema vizuri. Anza na zile mbili za mwishoni, kisha mbili za ubavuni zifunike ncha zake. Misumari ya sentimita 5 inatosha. Gonga ncha ya msumari kwa nyundo kidogo iwe butu kabla ya kuupigilia, mbao haitapasuka. Mwisho, pigilia ile miguu miwili kwa chini, ikipita kukatiza. Inabeba sanduku lisikae kwenye matope.

MTANGAZAJI: Na mkono wa kubebea?

FUNDI: Zile mbao za mwishoni ni ndefu kuliko za ubavuni, sivyo? Kazi ya urefu huo ni kushika fimbo. Toboa tundu kila upande, sentimita 5 chini ya ncha ya juu, usisogee juu zaidi, mbao itapasuka. Ingiza fimbo ya mpera au ya mkaratusi uliokauka. Itokeze sentimita 4 kila upande, uzuie kila ncha kwa kijiti. Usiipigilie. Lazima ichomoke, la sivyo sufuria haitaingia. Kifuniko kinakaa juu ya mbao za ubavuni. Chini yake pigilia vipande viwili vinavyoingia ndani, kisiteleze.

[MUZIKI, sekunde 10.]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, sanduku limekwisha, ila bado hatujaweka chakula. Tusikilizane hapa. Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na ulianzia hapa Bujumbura. Chakula kilichopikwa vizuri kinaweza kuchafuka njiani.

Shirika la Afya Duniani linatuambia hivi: chakula kilichopikwa kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, na kisikae zaidi ya saa 2 kikiwa kimepoa. Kwenye uvuguvugu ndipo vijidudu vinapozaana. Kwa hiyo shona mito midogo ya kitenge cha zamani, ijaze majani makavu ya mgomba, uizungushie sufuria pande zote, chini na juu. Toa chakula motoni kikiwa kinachemka, kifunike, kiweke ndani papo hapo. Sanduku hutunza joto ulilolikuta. Haliwezi kupasha chakula kilichopoa.

Ukifika na kugusa sufuria ukakuta ni vuguvugu, na hujapitisha saa 2, kichemshe upya kabla ya kumpa mgonjwa au mteja. Kama saa 2 zimepita, usimpe mtu, hata kama hakinuki.

FUNDI: Na ndani ya sanduku usipake rangi. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni, ulianike juani likauke kabisa.

MTANGAZAJI: Mzee fundi, Mungu akubariki. Msikilizaji, kama huna msumeno, tafuta jirani mwenye nao mtengeneze mawili kwa pamoja. Mmoja ashike mbao, mwingine akate. Tukutane kipindi kijacho. Kwaherini.

[MUZIKI WA KUFUNGA.]