Bustani ya Maonyesho Ianze Shambani, Si Kwenye Mtambo

Mbunifu akiombwa kuchora bustani ya maonyesho inayosimulia kiwanda cha pombe kali kilichomo ndani ya shamba, jambo la kwanza linalomjia ni shaba: mtambo wa kukeneka unaong'aa katikati, mapipa pembeni, maua yakizunguka. Kwa maoni yangu, hapo ameanzia mwisho wa habari. Mtambo wa kiwanda cha shambani haupishani sana na wa kiwanda kingine chochote. Kinachokitofautisha ni mazao yaliyoota palepale. Chukua Arbikie, shamba lililoko Angus, pwani ya mashariki ya Uskoti. Mwaka 2020 lilitoa gin iitwayo Nàdar, ambayo kilevi chake kinatokana na wanga wa njegere badala ya ngano. Sababu iko chini ya udongo. Ng'oa mche wa njegere uukung'ute: mizizini utaona vinundu, na ukipasua kimoja kilicho hai, ndani kina rangi ya waridi. Humo bakteria hunasa nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, hivyo mkulima hahitaji mbolea ya nitrojeni ya viwandani. Mbolea hiyo hula nishati nyingi kutengenezwa, na sehemu yake hugeuka shambani kuwa nitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko hewa ya ukaa, kilo kwa kilo. Njegere basi ndizo zikae katikati ya bustani, na tuta lake liwekewe kioo ubavuni ili mizizi ionekane.

Pingamizi la kwanza ni muda. Maonyesho ya bustani ya Chelsea jijini London hufanyika Mei na hayamalizi wiki. Wakati huo shayiri ingali mbichi na lavenda nyingi hazijachanua. Misimu ya shamba itasimuliwaje kwa siku chache hivyo? Jibu liko kwenye mjuniperi, kichaka chenye majani kama sindano, ndugu wa mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya. Punje zake ndizo zinazoipa gin ladha yake, nazo huchukua miaka miwili, pengine mitatu, kuiva. Ndiyo maana tawi moja la mjuniperi jike hubeba punje changa za kijani pamoja na zilizokomaa, za buluu iliyokolea, zenye utando mweupe wa nta. Anayelitazama tawi hilo anaona zaidi ya mwaka mmoja kwa pamoja, na hakuna pipa linaloweza kumwonyesha hivyo.

Wengine watasema shaba ndiyo inayovuta macho. Siidharau: hunasa misombo ya salfa ambayo ingekiharibu kinywaji kwa harufu. Uwekwe basi mtambo mdogo pembeni, ukikeneka maji na punje za mjuniperi, ili wageni waone ajabu yake. Alfapinini, mafuta yanayotawala harufu ya mjuniperi, yakiwa peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 156 hivi. Yakiwa na maji, mvuke huyabeba hata kabla ya nyuzi 100. Kanuni hiyohiyo hutoa mafuta ya makonyo ya mikarafuu kule Wawi, Pemba, kwa hiyo hata asiyegusa pombe ana la kujifunza hapa.

Pingamizi zito zaidi ni la ubadhirifu: bustani hujengwa kwa wiki kadhaa, kisha hubomolewa. Siku hizi bustani nyingi za Chelsea huhamishiwa shuleni, hospitalini na mitaani, na hilo ni jema. Lakini mjuniperi una adui anayesafiri na udongo wa vyungu, kimelea kiitwacho Phytophthora austrocedri, ambaye aliripotiwa kwenye mijuniperi ya Uingereza mwaka 2011 na huozesha mizizi hadi kichaka kufa. Mbunifu anunue miche iliyooteshwa kwa mbegu katika kitalu kilichokaguliwa, na baada ya maonyesho asiipeleke karibu na mijuniperi ya mwituni.