Mvua ya Ayub Ogada

Machi inapobisha hodi, Likuyani yote hutazama juu. Mashamba ya mahindi yamekwisha kulimwa, mbegu na mbolea ziko ndani, na kuanzia Matunda hadi Kongoni habari ni moja tu: mvua. Katika majira haya wimbo "Kothbiro" hunishika kuliko wakati mwingine wowote. Kwa Kijaluo, jina hilo ni mvua inakuja.

Wengi ughaibuni waliufahamu wimbo huo kupitia sinema. Mwaka 2005 Fernando Meirelles alitoa The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu Kibera na kandokando ya Ziwa Turkana. Mtunzi wa muziki wake alikuwa Alberto Iglesias wa Uhispania, naye aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Lakini humo ndani mna "Kothbiro" kwa sauti ya Ayub Ogada na ala yake ya nyuzi, nyatiti, na mimi kila nikiitazama filamu ile, hiyo ndiyo ninayobaki nikiiimba.

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akiitwa Job Seda. Kwa jina hilo aliigiza katika Out of Africa ya 1985, ambayo muziki wake ulimpa John Barry Oscar. Kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Heritage Band. Baadaye akaenda London, akawa anapigia wapita njia nyatiti, hadi watu wa tamasha la WOMAD wakamsikia. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitolewa mwaka 1993 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ukingo wa ala, njuga zikilia, naye huku anaimba. Wabukusu wa huku kwetu wana litungu, ndugu yake wa damu, kwa hiyo sauti ile haitufikii kama mgeni.

Mtunzi wa muziki wa filamu huletewa picha, akapima sekunde, akatunga. Ogada hakuletewa picha yoyote: "Kothbiro" ilikuwa imerekodiwa na bendi yake ya Black Savage tangu 1976, na filamu ndiyo iliyoufuata wimbo.

Alifariki Nyahera, karibu na Kisumu, tarehe 1 Februari 2019. Mvua za masika zilikuwa bado mwezi mmoja.