Peridurali Lubumbashi: Dawa Ipo, Watu Je?

Kwa peridurali, yaani ganzi ya mgongoni ya kutuliza uchungu wa kuzaa, chukua chupa ya bupivakaini ya 0.5%, mililita 20. Humo mna miligramu 100 za dawa. Ongeza ampuli mbili za fentanili za mikrogramu 100, jumla mililita 4, kisha maji ya chumvi mililita 76. Umepata mililita 100 za mchanganyiko wa 0.1%. Ukianza na mililita 15, halafu ukampa mama 10 kila saa, baada ya saa 8 za uchungu atakuwa ametumia 95.

Madaktari wa ganzi wanaijua bupivakaini kutoka kwenye sindano ya mgongo ya upasuaji wa kuzalisha, ila ile ampuli nzito yenye sukari haifai hapa, wala chupa yenye kihifadhi. Lebo isomwe kila mara.

Mpinzani wake ni ropivakaini. Kweli, ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, haiushambulii moyo kwa ukali uleule. Lakini husifiwa pia kwamba miguu haifi ganzi sana, na hapo nasita: vipimo vya 1999 vilionyesha kuwa nguvu yake ni karibu 60% tu ya bupivakaini. Kupata nafuu ya zile miligramu 100 kunahitaji kama 167 za ropivakaini, na kwa kawaida ndiyo iliyo ghali zaidi.

Kinachobadilisha mambo hasa ni wepesi wa mchanganyiko. Utafiti wa COMET wa Uingereza, uliochapishwa 2001, ulihusisha wanawake 1,054. Waliopewa bupivakaini ya 0.25%, kama ilivyozoeleka, 35% walijifungua kawaida, bila koleo wala ventuzi. Kwa mchanganyiko hafifu walikuwa 43%. Tena kundi moja la hafifu lilipewa dawa kwa pampu, na jingine, lililoanza na dozi ndogo ya uti wa mgongo, liliongezewa kwa mkono kwa sindano. Matokeo yakalingana. Kwa mji kama Lubumbashi, ambako umeme wa shirika la SNEL hukatika, hilo ni jambo kubwa mno.

Gharama nzito iko kwa watu. Mwongozo wa Uingereza unataka presha ipimwe kila dakika 5 kwa dakika 15 baada ya kila dozi kama hizi. Dozi 9, ile ya kwanza na 8 za kila saa, ni vipimo 27 kwa mama mmoja. Akina mama wanne, 108. Mkunga mmoja wa usiku hawezi. Shirikisho la dunia la madaktari wa ganzi linapendekeza angalau madaktari 5 kwa watu 100,000, yaani 100 kwa kila wakazi milioni 2, na Kongo iko mbali sana na hapo.

Mpango wa kujifungua bure, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, ukifikia kutibu maumivu ya uchungu, fedha zitangulie kwenye masomo ya ganzi na mishahara ya wakunga, ropivakaini isubiri. Na kabla ya mama wa kwanza kuchomwa, wodi iwe na emalshani ya mafuta ya 20%: dawa ikimfika moyoni, mwenye kilo 60 anahitaji mililita 90 papo hapo.