GHARAMA YA KUPOKEA MALIPO YA KADI KWA NJIA YA MTANDAO: UFAFANUZI KWA WAFANYABIASHARA WADOGO

Mnunuzi anapolipia bidhaa kwa kadi ya benki kupitia mtandao, fedha anazokatwa yeye na fedha anazopokea muuzaji si kiasi kimoja. Katikati yake kuna makato ambayo mnunuzi hayaoni, na ambayo wauzaji wengi wadogo huyatambua baada ya mwezi kwisha, pale wanapokuta mauzo yameongezeka lakini mtaji umepungua. Ufafanuzi huu unakusudia kuwaeleza wananchi na watumishi wa Serikali makato hayo ni yepi, yanakwenda kwa nani, na mfanyabiashara ayapime vipi kabla ya kutia saini mkataba.

Ili jambo lieleweke kwa urahisi, tuchukue mfano wa Kata ya Nyahanga, iliyomo katika Manispaa ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Kahama ni mji wa mchele na wa dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, ulio jirani na mji, mwaka 2009. Uzalishaji wa Buzwagi uliposita mwaka 2021, sehemu ya wateja wenye mishahara ya mgodini iliondoka. Muuzaji wa mahali kama hapo hulazimika kutafuta wateja wa mbali: Mwanza, Dar es Salaam, Unguja, na hata ndugu walioko Muscat au London wanaotaka kuwalipia jamaa zao mchele nyumbani. Mteja aliyeko nchini hulipa kwa simu. Aliyeko ng'ambo mara nyingi ana kadi tu. Hapo ndipo muuzaji anaposhawishika kufungua njia ya kupokea kadi, na hapo ndipo hesabu inapopaswa kuanza.

Makato yanakwenda kwa nani

Malipo ya kadi hupita katika mikono minne kabla ya kumfikia muuzaji, nayo ni:

(a) Benki iliyompa mteja kadi. Hii huidhinisha malipo na kubeba dhamana kwamba fedha zipo. Kwa kawaida huchukua fungu kubwa la makato.

(b) Kampuni yenye mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, ambayo huziunganisha benki za nchi mbalimbali na kuweka kanuni.

(c) Benki inayompokelea muuzaji fedha na kuziingiza katika akaunti yake.

(d) Kampuni inayounganisha duka la mtandaoni na benki hizo, ambayo ndiyo muuzaji huzungumza nayo na ndiyo humkata.

Inafaa ieleweke kwamba fungu la benki iliyotoa kadi huwekwa kwa kanuni za mtandao wa kadi, si kwa mapatano na muuzaji. Kwa hivyo muuzaji mdogo hana nafasi ya kuomba apunguziwe. Ni kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2015 iliyoweka kikomo cha fungu hilo kwa kadi za watu binafsi: asilimia 0.2 kwa kadi zinazokata akaunti moja kwa moja, na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Nchini India, Serikali iliamua kuwa kuanzia Januari 2020 wauzaji wasikatwe kitu kwa malipo yanayopita katika mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo. Mifano hii yaonesha kuwa kiwango cha makato hutegemea pia uamuzi wa mamlaka za nchi.

Asilimia na kiasi kisichobadilika

Makato huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni asilimia ya bei. Sura ya pili ni kiasi kisichobadilika kinachokatwa kwa kila malipo, yawe makubwa au madogo. Baadhi ya kampuni hutumia sura moja, na nyingine huziunganisha zote mbili.

Tuchukue kampuni ya Stripe ya Marekani, kwa kuwa bei zake hutangazwa hadharani. Muuzaji wa Marekani anayepokea kadi ya nchini humo kwa njia ya mtandao hukatwa asilimia 2.9 na senti 30 juu yake. Katika mauzo ya dola 100, makato ni dola 3.20. Lakini katika mauzo ya dola 5, makato ni senti 44 na nusu, yaani karibu asilimia 9 ya bei. Kadi ikiwa imetolewa nchi nyingine huongezwa asilimia 1.5, na fedha zikihitaji kubadilishwa sarafu huongezwa asilimia 1. Hivyo bei iliyotajwa juu ya tangazo si lazima iwe ndiyo bei atakayolipa muuzaji.

Sasa turejee Nyahanga. Viwango vinavyofuata ni vya kufafanulia tu. Tumevichagua ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme muuzaji wa mchele ameambiwa kwamba atakatwa asilimia 3.5 na shilingi 500 kwa kila malipo, na kwamba faida yake, baada ya kulipia mpunga, mashine ya kukoboa, mifuko na usafiri, ni shilingi 10 katika kila shilingi 100 anazouza.

Akiuza mchele wa shilingi 50,000, faida yake ni shilingi 5,000. Makato ni shilingi 1,750 na shilingi 500, jumla shilingi 2,250. Anabaki na shilingi 2,750. Mtu anayeitazama bei ataona makato ni asilimia 4.5 tu. Lakini muuzaji haishi kwa bei, anaishi kwa faida. Na katika faida yake amekatwa asilimia 45.

Akiuza kifurushi cha shilingi 5,000, faida ni shilingi 500. Makato ni shilingi 175 na shilingi 500, jumla shilingi 675. Hapa amepata hasara ya shilingi 175, na kila anapouza vifurushi zaidi, hasara inazidi.

Akiuza kwa mkupuo mmoja mchele wa shilingi 500,000, faida ni shilingi 50,000 na makato ni shilingi 18,000. Bado ni fungu kubwa la faida, yaani asilimia 36, lakini biashara inasimama.

Hivyo basi, swali la kujiuliza si kwamba makato ni asilimia ngapi ya bei, bali ni asilimia ngapi ya faida. Fundi wa nguo au mchongaji, ambaye sehemu kubwa ya bei yake ni ujira wa mikono yake, anaweza kuyabeba makato ambayo muuzaji wa mchele, sukari au mafuta hawezi kuyabeba.

Gharama zisizotajwa katika bei

Mbali na makato yaliyoandikwa, zipo gharama nyingine ambazo muuzaji anapaswa kuziulizia:

(a) Muda. Fedha za kadi haziingii papo hapo. Huweza kuchukua siku kadhaa. Muuzaji anayehitaji kununua mpunga kila siku hulazimika kukopa wakati fedha zake mwenyewe ziko njiani.

(b) Kurejesha fedha. Mteja akirudisha bidhaa, muuzaji humrejeshea bei nzima, lakini kampuni nyingi hazimrudishii muuzaji makato yaliyokwisha kukatwa.

(c) Madai ya mwenye kadi. Mwenye kadi ana haki ya kuiambia benki yake kwamba hakufanya malipo au hakupata bidhaa. Benki ikimkubalia, fedha huondolewa kwa muuzaji, na juu yake hutozwa ada. Kwa muuzaji wa Marekani, Stripe hutoza dola 15 kwa dai. Endapo kadi iliibwa na bidhaa imekwisha kusafirishwa, muuzaji amepoteza bidhaa, fedha na ada kwa pamoja.

(d) Kubadilisha sarafu. Tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza fedha za kigeni nayo ni makato, ingawa haiandikwi kwa jina hilo.

Malipo ya simu kama kipimo cha kulinganishia

Katika nchi yetu wananchi wengi walianza kulipana kwa simu kabla ya kuwa na kadi. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel ziliunganisha huduma zao ili mteja wa mtandao mmoja aweze kumtumia fedha wa mtandao mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Benki Kuu ya Tanzania nayo imejenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo, unaojulikana kwa kifupi kuwa TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Kwa mteja aliyeko nchini, muuzaji alinganishe njia hizi na kadi kabla ya kuamua.

Hata hivyo, njia ya simu nayo ina gharama zake, na wananchi huzihesabu. Julai 2021 ilianza kutozwa tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kulingana na kiasi. Watu wengi walilalamika, baadhi wakarudi kwenye fedha taslimu, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Funzo lake ni kwamba gharama ya kulipa inapozidi, mwananchi huiacha njia yenyewe, hata kama ni njia nzuri.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kuanza kupokea kadi, mfanyabiashara anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Aombe viwango vyote kwa maandishi: asilimia, kiasi kisichobadilika, ada ya mwezi, ada ya kadi za kigeni, ada ya madai, na idadi ya siku za kusubiri fedha.

2. Apige hesabu kwa bidhaa yake iliyo ndogo kuliko zote, si kwa iliyo kubwa.

3. Aweke kiwango cha chini cha malipo ya kadi, au auze kwa vifurushi vikubwa, iwapo mkataba unaruhusu. Mikataba mingine hukataza kumtoza mwenye kadi bei ya juu, hivyo asome kwanza.

4. Aithibitishe kampuni anayotaka kuingia nayo mkataba. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, watoa huduma za malipo husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, kwa Tanzania Bara na Zanzibar.

5. Asiandike wala kuhifadhi namba za kadi za wateja kwenye daftari au simu. Namba ikivuja kwake, lawama na hasara vitamfuata.

6. Atunze stakabadhi za kupeleka mzigo, zenye tarehe na saini ya aliyepokea. Hizo ndizo ushahidi wake dai linapokuja.

Kwa upande wa watumishi wa Serikali, ambao wengi wao hupokea mishahara kupitia benki na wana kadi, ifahamike kwamba kadi isiyomgharimu kitu mnunuzi inamgharimu muuzaji. Mnunuzi mwenye malalamiko amwendee muuzaji kwanza, na asikimbilie kudai fedha benki kwa jambo linaloweza kumalizwa kwa simu moja. Kwa bidhaa ya bei ndogo, kulipa kwa njia yenye makato madogo ni kumsaidia muuzaji abaki sokoni.

Haikusudiwi kwa maelezo haya kuwazuia wananchi kupokea kadi. Kwa muuzaji wa Nyahanga mwenye mteja Muscat, kadi yaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuuza, na faida ndogo inayobaki ni bora kuliko mauzo yasiyofanyika. Linalotakiwa ni kwamba aingie akijua anachokatwa, na aandike kila malipo pamoja na makato yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makato ya kadi ni mali inayopotea kwa namna hiyo, shilingi chache kwa kila mteja, mpaka siku muuzaji anapokwenda kununua mpunga wa msimu mpya akakuta fedha hazitoshi.