Guta la umeme halina kadi, lipe namba kabla halijaibwa

Guta la kukanyaga, yaani baiskeli ya mizigo ya matairi matatu, likifungwa mota kwenye rimu, na betri nne za volti 12 zikaunganishwa kupata volti 48, mwenyewe anapata chombo cha kusambaza maji, mkaa na soda bila kununua petroli. Wapo pia watu wenye ulemavu wa miguu waliofunga mota kwenye baiskeli zao za matairi matatu. Wengi wamemalizia humo akiba yao yote. Ndiyo maana inaniuma kuona chombo cha namna hiyo kimelala nje usiku kwa mnyororo mwembamba na kikufuli cha sanduku.

Mwizi anayelinyemelea guta ana njia mbili. Anaweza kulisukuma lote: halina mlio, linasimama lenyewe, na hata asiyejua kuendesha baiskeli atalitoa uchochoroni. Lakini guta lililoundwa nyumbani linajulikana mtaa mzima kwa rangi na umbo lake, kwa hiyo kuliuza zima ni hatari. Njia ya pili ni kung'oa vipande, maana ndivyo visivyo na mwenyewe. Betri, mota na kontrola inayoiongoza vikishatoka kwenye fremu hufanana na vingine vyote sokoni, na betri za risasi zina wanunuzi wake kwenye chuma chakavu.

Kwa hiyo anza na betri. Ya lithiamu ni nyepesi, iwekee mpini na plagi, uingie nayo ndani kila jioni. Ila usiichaji ukiwa umelala, wala usiiweke karibu na mlango mnaoutegemea kutokea, maana ikishika moto hamtakuwa na njia. Za risasi ni nzito mno kubebwa kila siku, na zikichajiwa hutoa gesi inayowaka, hivyo zinataka hewa. Hizo zijengee sanduku la bati nene la milimita 3, lichomelewe kwenye fremu, bawaba zikae kwa ndani, na matundu ya hewa yawe madogo kuliko kidole.

Mota ina siri ambayo mafundi wengi wanaijua na wenye maguta hawaambiwi. Hutoka na nyaya tatu nene, mara nyingi ya njano, ya kijani na ya buluu. Kwa mota isiyo na gia ndani, nyaya hizo tatu zikigusanishwa, gurudumu linakuwa zito ghafla. Ukilisukuma linakataa na kurudisha nguvu mkononi. Mwambie fundi azifungie plagi. Ukiegesha, unazima umeme, unachomoa plagi kwenye kontrola na kuichomeka kwenye nyingine ambayo ndani yake matundu matatu yameunganishwa. Usikubali swichi inayozigusanisha nyaya zikiwa bado kwenye kontrola, kwa sababu siku ukisahau ukakanyagia moto, kontrola itaungua.

Mnyororo upite kwenye fremu, si kwenye tairi peke yake, na uwe mfupi usifike chini. Mnyororo ukilala sakafuni, mwizi anaegemeza mkasi wa chuma ardhini na kuukata kwa uzito wa mwili wake. Pete ya nondo iliyozikwa kwenye zege ni bora kuliko nguzo ya mbao. Grinda ya betri itakata hata mnyororo mgumu, lakini kwa kelele na cheche, kwa hiyo egesha mahali ambapo kelele itamwamsha mtu.

Kifaa cha kufuatilia chenye laini ya simu kinafaa zaidi huku kwetu kuliko vidude vya AirTag vilivyoingia sokoni mwaka 2021, ambavyo hutegemea simu za Apple zipite karibu. Kipe betri yake ndogo, na usikizibe kwa chuma pande zote.

Yote hayo hayatoshi kama huwezi kuthibitisha kwamba guta ni lako. Bajaji ina kadi na namba ya chesesi. Guta la fundi wa mtaani halina. Wenye magari Dar es Salaam huchora namba za gari kwenye vioo vya pembeni na taa, na wewe fanya vivyo hivyo. Gonga namba kwenye fremu mahali pawili, pa wazi na pa siri, kisha ichore kwenye ganda la mota na la kontrola. Piga picha, tunza risiti, na uwaonyeshe viongozi wa serikali ya mtaa wakujue wewe na chombo chako.

Likiibwa, nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, kabla ya kwenda kulitafuta. Simu ikikuonyesha lilipo, usiende na kundi la vijana. Kelele za "mwizi!" zimeua watu katika miji yetu, na wengine hawakuwa wameiba kitu. Nenda na askari, na ukifika mwonyeshe ile namba ya siri.