Chombo cha maziwa cha Tarbaj chanipa somo

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi wa kazi za mikono katika maonyesho fulani ya kilimo. Nilidhani kazi hiyo naiweza. Mimi ni mtu wa Lamu, nimekua nikimtazama mama akishona kofia za mkono, kitambaa kikitobolewa vitundu kwa mamia na kila kitundu kikizungushiwa uzi. Kofia moja huchukua miezi. Basi kazi nzuri ya mkono naijua nikiiona.

Mezani palikuwa na dhiil, chombo cha maziwa cha Wasomali, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi. Kilikuwa cheusi, chanuka moshi. Nikakipita. Zawadi tukalipa kapu jipya lenye shanga za kumetameta.

Baadaye safari ilinifikisha Tarbaj, kwenye njia itokayo Wajir kwenda Mandera. Baada ya salamu, mama mmoja mtu mzima alinikaribisha maziwa ya ngamia. Aliyatoa katika dhiil, akanimiminia katika kifuniko chake, maana kifuniko ndicho kikombe. Nikamsimulia mashindano yale, mwalimu mmoja akitufasiria.

"Mwanangu, mlitia maziwa ndani?" akauliza.

Nikamjibu hatukutia.

"Sasa mlihukumu nini?"

Nikakosa jibu. Akanieleza kwamba nyuzi zile hubanwa hata maziwa yasivuje. Kisha chombo hufukizwa kwa kijinga cha moto; moshi hukisafisha, maziwa yakakaa bila kuharibika upesi. Kumbe ule weusi nilioudharau ulikuwa ushahidi wa kazi! Na kwa watu wa kuhamahama, chombo kisichovunjika mgongoni mwa ngamia si pambo. Msichana akiolewa, mamake na jamaa zake humsukia vyombo na mikeka ya kuezekea nyumba yake.

Lakini mama yule alinionyesha mtungi wa plastiki uliokuwa mlangoni. Binti zake wawili, alisema, hawajui kusuka, wala hawaoni faida yake. Hapo nilijiuliza zawadi yetu ingaliwaambia nini mabinti kama hao.

Wazee walisema chema chajiuza. Ni kweli, ila sokoni pawe na ajuaye kununua. Ombi langu kwa waandalizi wa maonyesho ni dogo: kofia waiinue kwenye mwanga, dhiil waitie maziwa, na katika kiti cha mwamuzi wamketishe mama anayesuka.