Bustani za kiangazi Tabora: anayetunza unyevu ndiye anayeuza Oktoba

Soko la mboga mjini Tabora huenda na mvua. Mvua hukoma karibu na mwisho wa Aprili, na kutoka Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi, kwani mji uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Huo ndio msimu wa bustani za mabondeni. Kila mwenye kisima huvuna, mafungu ya mchicha hujaa mezani na bei huteremka. Visima vifupi vinapokauka Septemba na Oktoba, mboga huadimika na bei hupanda. Faida ya mwaka huwa kwa yule ambaye bustani yake bado ni mbichi wakati huo.

Kilimo cha aina hii si kigeni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa misafara waliokaa Unyanyembe walikuwa mbali na pwani kwa safari ya miezi mitatu au zaidi. Chakula cha kila siku hakikuweza kungoja wapagazi. Burton na Speke waliofika mwaka 1857, na Stanley aliyefika mwaka 1871, walikuta matembe yenye bustani za mboga na matunda, pamoja na ngano kidogo. Kaya ilijilisha kwa maji na mbolea ya mahali ilipo.

Hesabu hiyo ina maana hata leo. Bei ya mbolea za viwandani ilipopanda sana mwaka 2022, serikali ilianzisha ruzuku, lakini mkulima bado hutoa fedha taslimu kabla hajavuna. Samadi hupatikana kwa wafugaji, hasa upande wa Nzega na Igunga. Gharama yake kubwa ni usafiri wa mkokoteni na nguvu za mikono. Kipimo kinachotumika sana ni debe moja kwa kila mita moja ya mraba. Tuta la mita 1 kwa 10 linataka madebe 10.

Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu, hivyo ni lazima ioze kwanza. Mboji ya majani, samadi na majivu huhitaji kiasi cha miezi mitatu. Anayetaka kupanda Mei aanze kurundika Februari, wakati majani mabichi yapo tele.

Faida ya mboji haiishii kwenye rutuba. Udongo wa kichanga wa Tabora hupitisha maji upesi, na mboji huyashikilia. Tuta likifunikwa kwa matandazo ya nyasi kavu, jua haliufikii udongo moja kwa moja na umwagiliaji hupungua. Kisima kile kile hulisha matuta kwa siku nyingi zaidi, na hapo ndipo mboga ya Oktoba inapopatikana. Wenye uwezo wameanza kufunga pampu za umeme wa jua, ambazo hazihitaji petroli wala nguzo ya umeme. Hata hivyo, pampu haiongezi maji kisimani. Huyamaliza haraka tu ikiwa udongo hauyatunzi.

Kwa upande wa magonjwa, ukavu wa kiangazi hupunguza bakajani kwenye nyanya. Tatizo kubwa ni kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye kinga yake huanza kwa kung'oa na kuteketeza mimea iliyoshambuliwa na kubadilisha mazao. Maji ya mwarobaini husaidia dhidi ya vidukari.

Viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilipitishwa mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Wakulima wadogo wanaweza kukaguana kwa vikundi. Lakini alama haina bei ya ziada pasipo mnunuzi anayeijua. Sokoni mboga hununuliwa kwa ubichi na ukubwa wa fungu. Mkulima asitumie fedha kutafuta alama kabla ya kupata mnunuzi, kama hoteli au shule.

Kwa kaya inayotegemea tumbaku, malipo huja mara moja kwa mwaka, na madeni ya pembejeo hukatwa kwanza. Bustani huleta fedha ndogo kila wiki, zinazotosha sabuni, chumvi na daftari. Anayeanza asizidishe matuta: matatu yenye mboji na matandazo yatafika Oktoba, na kumi yasiyo na maji hayatafika.